Hesabu Madumu Kwanza

  Leo nataka tuzungumze habari ya nyumba za kupanga, na nitaanzia Tabata, hapa Dar es Salaam.

Nilikwenda huko kumsindikiza binti wa dada yangu kutafuta chumba. Ameajiriwa kwa mara ya kwanza, ni muuguzi, na hospitali yake iko mjini. Dalali alitupokea kituoni, akatupitisha vichochoroni mpaka kwenye nyumba yenye geti jeusi. Akafungua mlango, akawasha taa. Dari ya jipsamu imechongwa maua, taa za bluu zimezunguka pembezoni, vigae vya sakafu vinang'aa hata ukiinama unajiona. Mimi nilivutiwa, nakiri. Binti hakutazama juu. Alirudi uani, akasimama katikati, midomo ikimchezacheza. Dalali akamuuliza, "Dada, unahesabu nini?" Akajibu, "Madumu, kaka." Na kweli, kila mlango ulikuwa na madumu ya njano mawili, matatu. Mengine yalikuwa kwenye foleni mbele ya bomba, yameandikwa majina kwa rangi ya kucha yasije yakachanganywa. Alifika 23, akanigeukia. "Mjomba, twende. Hapa maji yanatafutwa."

Nimepanga katika jiji hili miaka 16: Magomeni, Mabibo, Kimara. Sasa huu ni mwaka wa tisa nawapangisha wengine, katika vyumba vinne vya masta na sebule nilivyojenga Kinyerezi. Nimekaa pande zote mbili za geti. Na bado binti wa miaka 24 aliona kwa dakika moja kitu ambacho mimi kilinichukua miaka na hasara kukiona.

Wenzangu wenye nyumba, tumezoea kujenga kwa ajili ya macho ya mtu anayekuja kuona. Anayekuja kuona hukaa dakika 10. Anayekuja kuishi anaamka hapo saa 11 alfajiri, anataka kuoga awahi mwendokasi. Anarudi jua limezama, chumba kimejaa joto la mchana kutwa, anataka kula na kulala. Huyu wa pili ndiye anayelipa kodi, na ndiye tunayemsahau fundi anapotuuliza tuweke nini na tuache nini.

Wapo watakaonijibu kwamba Dar es Salaam haikosi mpangaji. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Akitoka mmoja, wanagonga watatu. Ni kweli wanagonga. Lakini tufanye hesabu ndogo pamoja. Tuseme kodi ya chumba na sebule ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Mpangaji akitoa vitu, pakakaa wazi miezi 2, umekosa 400,000. Utapaka rangi, utabadilisha kitasa na koki iliyolegea, weka 100,000 nyingine. Hiyo ni nusu milioni. Ukiwa na vyumba vinne na kila mwaka watu wote wanabadilika, zimekwenda milioni 2, na hakuna hata shilingi moja iliyobaki ukutani ikawa mali yako. Miaka mitatu ya namna hiyo ni milioni 6. Kwa fedha hizo tungekuwa tunazungumza habari nyingine kabisa.

Tena mpangaji hahami kwa kupenda. Anayehama hapa mjini anamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja. Anatafuta kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, pengine ya mwaka mzima. Anakodi kirikuu, anavunja kabati lisilopita mlangoni, anamhamisha mtoto shule. Mtu akikubali hasara yote hiyo ili aondoke kwako, ujue kuna kitu anakikimbia, na mara nyingi alishakutajia kitu hicho zaidi ya mara moja.

Mimi walinikimbia. Nilipokuwa namalizia vyumba vyangu ilibaki akiba kidogo, fundi akaniuliza, "Mzee, tuweke tangi kubwa au tumwage pevingi?" Nikachagua pevingi, kwa sababu geti likifunguliwa pevingi ndiyo ya kwanza kuonekana. Nyumba ilijaa ndani ya wiki mbili. Chumba cha kwanza walichukua vijana wawili waliotoka kuoana, wapole, hawapiti bila kusalimia. Mwezi wa tano yule mke akawa mjamzito. Mwezi wa saba mumewe akaja kwangu, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, tumeishi na wewe vizuri, hatuna neno. Ila mwisho wa mwezi tunatoa vitu. Mwenzangu hawezi tena kubeba ndoo."

Sikuwa na la kumjibu. Pevingi ile niliisimamia mwenyewe, jiwe kwa jiwe, na yule mama alikuwa akiivuka kila alfajiri na ndoo kichwani.

Basi tuanze na maji, na nitakawia hapo.

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hili yanatoka Mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mwaka 2022 mvua zilipochelewa, mto ulipungua, na mwezi Oktoba jiji likaingia kwenye mgao. Wale mliokuwapo mnakumbuka. Nyumba yenye akiba ilivuka siku kavu bila kelele, na nyumba iliyotegemea bomba peke yake ilianza kununua kwa ndoo. Siku zile wapangaji walijifunza kuuliza, na hawajaacha kuuliza mpaka leo.

Sasa akiba kiasi gani? Mtu mmoja akioga mara mbili, akafua, akapika, akamwaga maji chooni, mhesabie ndoo 4 za lita 20. Hizo ni lita 80. Kaya ya watu 4 ni lita 320. Vyumba vinne kama vyangu, lita 1,280 kwa siku. Ukirudi kwenye lile tangi la lita 1,000 uliloliweka juu ya mnara ukajiona umemaliza kazi, utakuta halifiki jioni. Tangi la lita 5,000 linakupa karibu siku 4, na siku 4 ni tofauti kati ya mgao unaosikika redioni na mgao unaoingia chumbani kwa mtu. Mnara nao una hesabu yake. Maji yanashuka kwa uzito wake tu. Inahitajika mita 10 za kimo kupata presha ya bar moja. Tangi likikaa mita moja juu ya shawa, mtu mwenye sabuni machoni atasubiri sana. Ukiongeza mita mbili kwenye mnara wakati nondo na zege viko tayari, gharama haikuumizi. Kuubomoa baadaye ndiko kunakoumiza.

Wengine mnachimba kisima. Ni jambo jema, ila ukanda wetu wa pwani una maji ya chumvi katika maeneo mengi. Sabuni haitoi povu, koki zinaota kutu, na chai ina ladha isiyosahaulika. Nimeona mwenye nyumba mmoja Kimara aliyefanya jambo la busara: alitenganisha mabomba. Maji ya kisima yanakwenda chooni na uani, maji ya bomba yanakwenda jikoni kutoka kwenye tangi lake dogo. Na siku ya kuonyesha chumba anasema wazi, "Haya ya chumvi, haya baridi." Watu wanamwamini kuanzia hapo.

Halafu kuna swali linalovunja nyumba nyingi: bili ikija, inagawanywaje? Bili moja, kaya nne, tunagawa kwa vichwa. Mwenye mtoto mchanga anafua nepi kutwa. Kijana wa chumba cha nne anasafiri na lori, yuko nyumbani siku 8 kwa mwezi. Kichwa ni kichwa, analipa sawa. Mwezi wa kwanza atanyamaza, wa tatu atanung'unika, wa sita hasalimiani na jirani. Mita ndogo ya maji kwenye kila chumba inamaliza ugomvi huo kabisa. Umeme wa pampu nao uamuliwe mapema nani anaulipa. Mimi pampu yangu niliihamishia kwenye mita yangu mwenyewe, nikaingiza gharama ndani ya kodi. Tangu hapo sijaamua ugomvi wa pampu.

Umeme ni jirani wa maji, kwa hiyo tuingie hapo.

Nyumba niliyokaa Magomeni ilikuwa ya Kiswahili, mnaijua: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma, baraza mbele, na LUKU moja imening'inia koridoni kama saa ya msikiti, kila anayepita anaitazama. Tulikuwa tunachangishana. Mwenye friji alionekana adui. Mwenye pasi alipiga nguo usiku wa manane kwa siri. Nilimwona mama mtu mzima, mwenye heshima zake, akijitetea mbele ya wajukuu kwa sababu ya hita ya maji. Umaskini ulichangia, lakini mita moja ndiyo iliyowagombanisha watu wazima.

Na kuna hasara nyingine ambayo wengi hawaioni. Kwa bei tulizozizoea, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, akikidhi masharti ya TANESCO huuziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Mteja wa kawaida anauziwa kwa 292. Chukua kaya nne, kila moja inatumia uniti 60 kwa mwezi. Kila moja ikiwa na LUKU yake na iko kwenye daraja la chini, zote pamoja ni shilingi 24,000. Ziunganishe kwenye LUKU moja, zinakuwa uniti 240, daraja la chini limekwisha, na gharama inafika 70,080. Tofauti ni shilingi 46,080 kila mwezi, inatoka kwenye mifuko ya wapangaji wako, na hakuna aliyeongeza hata taa moja. Ukiweza kuomba mita tofauti, omba. Ukishindwa, weka sabumita. Haishushi bei, lakini angalau kila mtu anajua alichokula.

Hapohapo kwenye LUKU kuna jambo jingine ninalolisema kila nikipata nafasi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa tunaponunua umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anayekatwa, mara nyingi, ni mpangaji anayenunua umeme. Kwa mwaka ni 18,000. Mpangaji anayebeba kodi hiyo kwenye mita yake, mpunguzie kiasi hicho kwenye kodi ya pango, tena bila kusubiri aombe. Sijui huduma nyingine ya bei hiyo inayojenga heshima kiasi hicho. Mpangaji wangu wa chumba cha tatu, mwalimu, nilipompigia hesabu hiyo kwenye karatasi alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mzee, miaka yote niliyopanga, hakuna aliyewahi kunirudishia chochote."

Sasa joto. Hapa nina malalamiko na mafundi wetu wa siku hizi, na nayasema kwa mapenzi.

Wazee waliojenga pwani walijua pepo. Kuanzia Desemba mpaka Machi tuna kaskazi, na kuanzia Aprili hivi tuna kusi. Nyumba ikipokea pepo hizo mbili, mtu analala. Korido ile ya nyumba ya Kiswahili niliyoitaja, mlango wa mbele ukiwa wazi na wa uani ukiwa wazi, ilikuwa inavuta hewa mchana kutwa. Bibi zetu walikaa pale wakichambua mchele mwezi wa pili bila feni. Leo tunageuza nyumba itazame barabara, hata kama barabara iko magharibi, jua la saa 10 linapiga ukuta wa chumba cha kulala, na usiku ukuta unamrudishia mtu lile joto kidogo kidogo mpaka alfajiri.

Kisha tazama dirisha. Dirisha la alminiamu la kuteleza ni zuri kwa macho, ila lifungue lote uone: kioo kimoja kinakwenda nyuma ya kingine, nusu ya tundu inabaki imezibwa. Umelipia dirisha zima, umepata hewa ya nusu dirisha. Dirisha la mbao la zamani lilikuwa linafunguka lote. Wanaopenda alminiamu wapo na siwakatazi, lakini kuna ya kufungua kwa bawaba, muulize fundi wako. Na weka nyavu imara za mbu, zinazotoka zikaoshwa. Chumba chenye nyavu zilizochanika ni chumba kinachofungwa madirisha saa 12 jioni, na kikifungwa saa 12 kimegeuka tanuri.

Pangaboi nalo lina kisa chake na jipsamu. Jipsamu haibebi uzito wa feni. Lazima ndoano ifungwe kwenye mbao iliyo juu yake kabla dari haijafunikwa. Nimeingia nyumba nyingi mpya zenye dari ya kifahari, mpangaji anakatazwa kufunga pangaboi kwa sababu dari itaanguka. Ndoano moja ya chuma ilisahauliwa, na sasa mtu mzima analala na feni ya mezani kichwani mwezi wa Januari.

Choo sitakisemea sana. Watu wanataka masta, choo chake ndani, na wana haki. Lakini choo cha ndani bila dirisha linalotoa hewa nje kinamtesa mtu kuliko cha uani. Na shimo lijengwe kwa hesabu ya watu watakaoishi, lisije likafurika masika ya Aprili. Gari la kunyonya likihitajika, mwenye nyumba alilipe.

Jikoni, tafadhali, msisahau mtungi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034, na wapangaji wa mjini wametangulia. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia sakafuni. Dirisha la juu peke yake halisaidii. Acha tundu la hewa chini ya ukuta, karibu na sakafu, lenye wavu wa panya. Ni kazi ya fundi ya nusu saa, na ndani ya chumba hicho kuna watoto wanaolala. Na mahali pa kuanika nguo penye jua pawepo, hata kama ni kamba mbili nyuma ya nyumba. Nguo zinazoanikwa ndani hunuka ukungu, na lawama anazipata mke wa mtu.

Yote hayo yanajengwa kwa saruji na mabomba. Kuna mengine yanajengwa kwa tabia ya mwenye nyumba, na naona yanambakiza mtu zaidi.

Geti, kwa mfano. Binti yetu ni muuguzi. Zamu ya jioni ikimwachia usiku, akapata usafiri, akashuka kituoni, anafika nyumbani mtaa umelala. Katika nyumba ya tatu tuliyoiona siku ile, vyumba vilikuwa safi, maji yapo, LUKU kila mtu na yake. Mwenye nyumba akasema, "Ila geti langu linafungwa saa 4 usiku, ufunguo ninao mwenyewe." Binti akamuuliza kwa adabu, "Baba, nikitoka kazini saa 5 nifanyeje?" Akajibiwa kwamba watu wenye heshima zao wanakuwa ndani saa hizo. Tukaaga. Ninaelewa woga wa wezi, mimi pia nimeibiwa. Lakini mtu anayelipa kodi halafu anagonga geti usiku kama mgeni, akibembeleza, huyo hajapata nyumba. Mpe kila mtu mzima ufunguo wake. Weka taa ya nje inayomulika kuanzia getini mpaka mlangoni. Kama unataka utaratibu, uandikwe kwenye mkataba na umhusu kila mtu.

Mwanangu wa chumba cha nne, yule wa lori, alipoacha lori akanunua bodaboda. Akaniuliza kama anaweza kuilaza ndani ya uzio. Nilimwekea kipande cha bati ukutani na pete ya chuma ya kufungia mnyororo. Kwake hiyo ina thamani kuliko taa za bluu zote za Tabata, maana pikipiki ikiibwa, ugali umeibwa. Ukipangisha karibu na chuo, mpangaji wako atauliza intaneti kabla ya kuuliza kodi. Ukipangisha kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, watauliza pa kuhifadhia mzigo. Huwezi kulijua hilo bila kukaa na watu ukawauliza siku yao ikoje.

Na matengenezo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haikumwacha mpangaji mikono mitupu. Inamtaka mwenye nyumba amwache akae kwa amani, na jengo likiwa limepangishwa kwa sehemu, paa, kuta kuu, mifereji na njia za pamoja zitunzwe naye. Wengi wetu hatujui, na wapangaji wengi hawajui. Lakini hata bila sheria, fikiria bomba linavuja chini ya sinki. Mpangaji anapiga simu Jumatatu. Unasema nakuja. Jumatano anaweka beseni. Ijumaa mbao za kabati zimevimba. Jumapili anapita mtaani akiona kibao cha "chumba kinapangishwa", anasimama kukisoma. Safari ya kuhama imeanzia pale, kwenye beseni. Mimi sasa nina fundi bomba mmoja na fundi umeme mmoja, wapangaji wana namba zao, na kwa kazi ndogo tuliyokubaliana kiwango chake wanamwita fundi moja kwa moja, mimi nalipa. Mwanzoni niliogopa watanizidishia. Haijatokea.

Mtaniuliza habari ya mabwawa ya kuogelea, chumba cha mazoezi, lifti. Hayo ni ya Masaki na Mikocheni, yana wapangaji wake na gharama zake za kila mwezi, na anayeyajenga ajue kwamba bwawa lisilosafishwa linageuka kiwanda cha mbu. Kwa wengi wetu wenye vyumba vitatu, vinne, fedha hiyo inatosha tangi, mita, na madirisha yanayofunguka.

Jambo la mwisho ni namna ya kulipa. Mwalimu analipwa mwishoni mwa mwezi. Wa bodaboda anapata ya siku. Sisi tunawataka wote miezi 6 mkononi. Nilijaribu kuwapokea miezi mitatu mitatu, kwa waliokwisha kukaa mwaka mmoja bila matatizo. Nilidhani nitafukuzana na watu. Kilichotokea ni kwamba katika vyumba vyangu vinne, miaka minne sasa, hakuna aliyehama isipokuwa mmoja aliyepata uhamisho wa kazi kwenda Dodoma, na kabla hajaondoka alikuwa amekwisha kuniletea mtu wa kuchukua nafasi yake. Dalali sijamwona getini kwangu muda mrefu.

Binti alipata chumba. Tulikipata jioni, Segerea, miguu imeshatuuma. Nyumba ya zamani, dari ya mbao nyembamba iliyopauka, hakuna pevingi, uani ni mchanga uliofagiliwa ukaacha michirizi ya ufagio. Mwenye nyumba ni mama wa makamo ya bibi, anaishi chumba cha mbele. Binti alisimama uani kama kawaida yake, akaanza kuhesabu. Madumu yalikuwa manne tu. Yalikuwa yamekatwa vichwa, yamejazwa udongo, yamepandwa mchaichai.

Akafungua koki, maji yakatoka kwa nguvu. Akasogea dirishani, pazia likapepea. Akauliza habari ya geti, sauti imeshuka kidogo, kama mtu aliyekwisha kujiandaa kwa jibu.

Yule mama aliingia ndani, akarudi na funguo tatu kwenye kamba ya kiatu. Hatukuwa tumelipa kitu, wala mkataba haukuwa umeandikwa. Akamshika binti mkono, akaziweka kiganjani.

"Hii ya chumba, hii ya mlango mkubwa, hii ya geti. Ukitoka zamu usiku usigonge, mwanangu. Ingia ulale."